Fedheha si fedha: uchambuzi wa kisa cha neno lililosahihishwa mstarini

Usuli

Kisa hiki kilitokea katika shule moja ya sekondari ya bweni, Tanzania Bara. Jina la shule, mwaka na majina ya wahusika nimeyaondoa, pamoja na mambo mawili matatu ambayo yangemtambulisha mtu. Wakati huo nilikuwa mkuu wa idara ya Kiswahili, na uamuzi ulioharibu mambo ulikuwa wangu mwenyewe. Nawaandikia walimu wenzangu, hasa wanaosimamia idara. Kisa chenyewe kilianza na asili ya neno moja, kikaacha watu wawili wameumia.

Idara ilikuwa na walimu watatu. Mmoja alikuwa kijana, mwaka wake wa pili kazini, na wanafunzi walimpenda. Hakupenda kusoma kitabu mbele ya darasa. Aliingia na vipande vya magazeti mfukoni, akawauliza wanafunzi neno hili limetoka wapi, kwa nini mwandishi ametumia hili na si lile. Kidato cha Tatu walikuwa kwenye mada ya uundaji wa maneno: uambishaji, urudufishaji, kuambatanisha maneno, utohoaji.

Kuna jambo jingine ambalo msomaji anapaswa kulijua. Mada ya asili ya Kiswahili huwa tunaifundisha kwa mkazo mkubwa kwamba Kiswahili ni lugha ya Kibantu, na ni kweli. Ila mkazo huo umewajengea walimu wengi, hasa vijana, woga fulani wa kutamka kwamba neno limetoka Kiarabu. Wanahisi wakisema hivyo wanakubali hoja ya kwamba lugha nzima ni ya kuazima. Mwalimu wetu alikuwa na woga huo, nami sikuwa nimeuona.

Kilichotokea

Siku hiyo aliandika ubaoni: *fedha + ha = fedheha*. Akaeleza kwamba neno hili la aibu ya hadharani lilizaliwa na pesa, kwa kuwa watu hufedheheka kwa sababu ya fedha. Mifano alikuwa nayo tele: kashfa ya Goldenberg kule Kenya, kashfa ya Richmond iliyomfanya Waziri Mkuu wetu ajiuzulu Februari 2008, kashfa ya Tegeta Escrow ya 2014. Chini ya hayo akaandika, "Fedha huleta fedheha." Wanafunzi wakalinakili wakafurahi, maana sentensi yenyewe inakaa vizuri mdomoni na ina sura ya methali. Notisi zikaenda mikondo yote mitatu.

Wiki mbili baadaye likaja jaribio. Swali mojawapo lilitaka mwanafunzi aoneshe jinsi neno "fedheha" lilivyoundwa, alama nne. Mwanafunzi mmoja, aliyelelewa Pwani na kupita madrasa kabla ya kuja kwetu, aliandika kwamba neno limetoholewa kutoka Kiarabu na kwamba "ha" si kiambishi. Akapata sifuri. Pembeni palikuwa na wino mwekundu: *Rudia notisi.*

Karatasi ziliporudishwa alinyoosha mkono. Haya yaliyofuata nimeyasikia kwake, kwa mwalimu na kwa wanafunzi wengine wawili, na wote wanakubaliana.

"Mwalimu, samahani. Hiyo 'ha' ni kiambishi gani?"

"Kinaonesha hali."

"Neno lingine lenye hiyo 'ha' ni lipi, mwalimu?"

Mwalimu aligeukia ubao, akafikiri kidogo, akaandika *furaha*. Mtoto akauliza kwa sauti ile ile ya adabu, "Kwa hiyo furaha imetoka kwenye kufura?"

Darasa lilipasuka kwa kicheko. Mwalimu akamwambia atoke nje, na mtoto akasimama barazani mpaka kengele ikalia. Jioni nililetewa malalamiko kwamba mtoto ana dharau na analeta mambo ya madrasa kwenye somo la Kiswahili.

Nilichokikuta kwenye kamusi

Nilijua kwamba mwalimu amekosea, lakini kujua kwangu kulikuwa kwa kusikia tu. Ijumaa hiyo nikabaki ofisini na kamusi tatu, na Jumamosi nikamtembelea mzee mmoja jirani aliyesoma Kiarabu kwa miaka mingi. Nayaeleza kwa urefu kwa sababu mzigo wote wa kisa umo ndani ya neno.

Ukifungua kamusi ya Kiswahili, *fedha*, *fedheha* na *fedhuli* wamekaa karibu karibu kama ndugu. Kumbe ni majirani tu. Yote matatu yametoka Kiarabu, na kamusi ya Johnson ya 1939, ambayo huonesha maneno yaliyotoka lugha hiyo, humsaidia sana mtu asiyesoma Kiarabu. Maneno ya Kiarabu hujengwa juu ya mzizi wa konsonanti, mara nyingi tatu. *Fedha* ni fidhdha, yaani ile madini nyeupe. Mzizi wake ni f-dh-dh, na mpaka leo tunasema medali ya fedha bila kufikiria noti. *Fedhuli* inatokana na f-dh-l, mzizi unaotupa pia fadhila na fadhili. *Fedheha* ni fadhiha, mzizi f-dh-h. Kwa hiyo ile "ha" ya mwisho haikubandikwa na mtu yeyote. "H" yake ni konsonanti ya tatu ya mzizi, ile ya kooni ambayo sisi tumeilainisha.

Mfanano wa mwanzo wa maneno hayo unaelezeka vilevile. Waarabu wana sauti nzito ya "d" ambayo Kiswahili huigeuza kuwa "dh": Ramadhani, kadhi, ardhi, radhi, hedhi. Maneno mawili yenye "f" na sauti hiyo, yakifika kwetu, lazima yafanane sura. Na lile neno *furaha* ambalo mwalimu alilishika kama mtu anayezama lina hali hiyo hiyo: mzizi ni f-r-h. Raha, siha, fasaha na nasaha zote zina "h" ya mzizi. Mwalimu alikuwa ameona kitu cha kweli, kwamba maneno mengi yanaishia na "ha". Alichokosea ni sababu yake.

Sasa maana. Mzizi f-dh-h ni kufichua, kuweka peupe. Mzee aliniambia Waarabu hulitumia tendo hilo hata kwa alfajiri: mtu yuko gizani hajulikani, mwanga wa asubuhi unamfichua, wanasema alfajiri "imemfadhihi". Kisha akanisomea Sura ya 15 ya Kurani, Al-Hijr, aya ya 68. Nabii Lut amevamiwa nyumbani na watu wa mji wanaowataka wageni wake, anawaambia hawa ni wageni wangu, msinifedheheshe. Aya inayofuata ina neno jingine, la mzizi uliotuletea *hizi* na *hizaya*, yaani kudhalilika. Katika kisa kile hakuna senti moja. Kuna mwenyeji, wageni, na watu wamejaa mlangoni.

Hapo nilikaa kimya, maana nimefundisha neno hili zaidi ya miaka ishirini na sijawahi kulipa uzito wake. Nilikuwa nikiandika ubaoni "fedheha: aibu kubwa", basi. Lakini aibu ni kitu kingine. Aibu kwa asili yake ya Kiarabu ni kasoro, dosari, na maana hiyo bado tunayo kwenye methali: aibu ya maiti aijuaye mwosha. Maiti ana aibu, yaani ana kovu, ana kilema, ana kile alichokificha maisha yake yote, na mwosha amekiona. Hakuna fedheha hapo. Mwosha akifunga mdomo, aibu inazikwa pamoja na mwenyewe. Akitoka nje akasimulia, ndipo inapozaliwa fedheha. Kwa hiyo aibu inaweza kukaa ndani ya mtu peke yake, ila fedheha haiwezi kutokea pasipo macho ya watu. Ndiyo maana dua za wazee wetu humwomba Mungu amsitiri mja: kusitiri ni kufunika, kinyume kabisa cha kile ambacho fedheha hufanya.

Soni ni neno letu la Kibantu, nalo lina ndugu mbali sana: Wakikuyu wanasema *thoni*, Waganda *ensonyi*, Wanyarwanda *isoni*. Hilo ni la usoni na moyoni, mtu anayeinamisha macho. Neno *haya* nalo ni la tabia, tena njema. Kashfa nayo asili yake ni kufunua, sawasawa na fedheha, lakini Kiswahili kimezigawia kazi tofauti: kashfa ni lile jambo linalosimuliwa, au maneno ya kumchafua mtu, na ndiyo maana kuna kesi ya kashfa, fedheha ni hali anayobaki nayo mwenye kufunuliwa. Magazeti huandika kashfa. Fedheha anarudi nayo mtu nyumbani kwa mkewe na wanawe.

Maamuzi na sababu zake

Uamuzi wa kwanza ulikuwa kulisahihisha neno Jumatatu mstarini, mbele ya shule nzima. Sababu zangu nilizipanga vizuri. Notisi zilikuwa zimefika mikondo mitatu na wengine walishawapa ndugu zao wa Kidato cha Nne, wenye mtihani wa taifa mbele yao. Pia kulikuwa na mtoto aliyepewa sifuri na kutolewa nje kwa kusema kweli, tena mbele ya wenzake. Niliona haki yake irudishwe mbele ya watu vilevile. Na sikutaka suala la madrasa likue kati ya wanafunzi.

Mwalimu nilimwambia asubuhi hiyo hiyo, saa moja kasorobo, tukikutana njiani kwenda mstarini. "Lile neno nitalisema leo." Akajibu, "Sawa, mama." Jibu hilo nililihesabu kuwa ni ridhaa. Ni neno la mtu anayetembea kando ya mkuu wake wa idara huku kengele inalia, angesema nini?

Jina lake sikulitaja. Nilisema kwamba maelezo yaliyotolewa kuhusu neno "fedheha" hayakuwa sahihi, nikatoa mzizi, nikatoa mfano wa furaha, nikasema swali litapitiwa upya. Yalikuwa maneno ya dakika tatu. Lakini kabla sijamaliza sentensi ya kwanza, mistari yote ilikuwa imegeuza shingo upande aliposimama. Alikuwa ameshika rejista ya darasa kwa mikono miwili, kifuani, akiikunja. Nilimwona akiikunja mpaka jalada likavunjika katikati. Nyuma kabisa mwanafunzi mmoja akasema "Ha!" kwa sauti ya kukohoa, na kicheko kikapita mstari hadi mstari mpaka mwalimu wa zamu akapuliza filimbi.

Uamuzi wa pili ulikuja siku tisa baadaye. Katika siku hizo alikuwa akifundisha ameketi, anasoma kitabu, hagusi chaki. Kwenye mlango wa darasa la Kidato cha Tatu mtu aliandika HA kwa herufi kubwa; ikifutwa, kesho inarudi. Nilimwendea nyumbani usiku, nikamwomba radhi. Alinisikiliza mpaka mwisho, kisha akasema jambo ambalo nimelibeba mpaka leo: "Mama, nyumba yangu ni ya tatu kutoka kwako. Ungenigongea tu."

Nilimwambia kuna kipindi cha mazoezi Alhamisi, kama angependa yeye mwenyewe alifundishe neno lile upya, na kamusi zote zilikuwa zake. Akakataa. Sikumsukuma. Baada ya wiki moja alikuja ofisini na karatasi yenye maneno kumi na saba yanayoishia na "ha", kila moja na asili yake.

Kuhusu alama, niliamua swali lifutwe kwa wote na jaribio lihesabiwe kwa maswali yaliyobaki. Wapo walioona mtoto apewe alama zake nne peke yake. Sikukubali, kwa sababu waliojibu fedha + ha walijibu walichofundishwa.

Matokeo

Kipindi kile mwalimu alikifundisha amesimama. Alianza na *fedhuli*. Aliwauliza wanafunzi: kama fedheha imetoka kwenye fedha, basi fedhuli nayo si ingekuwa mtu mwenye fedha nyingi? Waliokuwa tayari kucheka walijikuta wanajibu. Kisha akaandika *waliofedheheshwa* akalikata: wa-li-o-fedhehe-sh-w-a. Akawaonesha kwamba ni shina tu lililotoka nje, na kwamba viambishi vyote vinavyolibeba ni vya Kibantu. Neno la kigeni limeingia, likavalishwa kanga. Hapo ndipo nilipomwona ameachana na woga wake wa Kiarabu, na sidhani kama ningeweza kumwondolea woga huo kwa maneno yangu.

Yule mwanafunzi aliombwa alitamke neno kwa Kiarabu, ile "h" ya kooni, darasa zima likajaribu kumfuata. Baadaye mwalimu alimrudishia karatasi yake. Wino mwekundu ulikuwa umekatwa kwa mstari mmoja na chini yake pameandikwa *Uko sahihi*, na saini.

Mengine hayakutengemaa. Jina "Ha" lilimng'ang'ania mwalimu mpaka darasa lile lilipomaliza Kidato cha Nne. Mwanafunzi naye, aliyekuwa shujaa kwa siku mbili, alitengwa na baadhi ya wenzake waliompenda mwalimu. Kwa muda mrefu hakunyoosha mkono tena, hata alipokuwa na jibu. Hilo la mtoto kukaa kimya linaniuma kuliko yote.

Kilichofaa na kilichoharibika

Kilichofaa kwanza ni kutokurupuka na neno. Kama ningekwenda mstarini Jumamosi ile na ujuzi wangu wa kusikia tu, ningeongeza kosa juu ya kosa. Kipimo alichotumia mwanafunzi ndicho ambacho kila mwalimu anapaswa kuwa nacho anapoletewa asili ya neno inayovutia: kama hiki ni kiambishi, nioneshe maneno mengine matatu yenye kiambishi hicho, kila moja na shina lenye maana bila hicho kiambishi. "Ha" haipiti. Kiswahili kina *ha-* ya ukanushi mwanzoni mwa kitenzi, haina kazi mwishoni mwa nomino. Na sentensi ikikaa vizuri mdomoni, kama ile "Fedha huleta fedheha", ndiyo ya kuikagua zaidi, kwa kuwa hakuna atakayeikagua baada yako.

Kufuta swali kwa wote kulifaa. Kumwachia mwalimu alifundishe neno mwenyewe kulifaa kupita vyote, ingawa kulichelewa.

Kilichoharibika ni mstari wa Jumatatu, na hapa sitaki kujificha nyuma ya nia njema. Taarifa zangu zilikuwa sahihi, kila herufi. Nilikuwa nimetoka kwa mzee Jumamosi nikiwa na maana ya neno mkononi: kufichua, kuweka mtu peupe mbele ya macho ya watu. Jumatatu nikalitenda. Mwalimu alikuwa na aibu, yaani kasoro, ya kawaida kabisa. Hakuna mwalimu ambaye hajawahi kufundisha kosa. Ilikuwa imejulikana kwa darasa moja, na ingeweza kurekebishwa na yeye mwenyewe katika mikondo yake mitatu kwa siku moja, haraka kama nilivyofanya mimi. Kwa kuipeleka mstarini niliigeuza kuwa fedheha. Kutotaja jina hakukumsitiri hata kidogo, kwani kila mtu alijua nani aliyefundisha.

Nilichanganya pia haki ya mtoto na adhabu ya mwalimu. Mtoto alidhulumiwa mbele ya darasa lake, wanafunzi arobaini na kitu. Haki yake ilikuwa pale pale, darasani, kutoka kwa mdomo wa yule aliyemtoa nje. Nilipoihamishia uwanjani, nikaisema kwa mdomo wangu, hakupata kile alichokosa, na akabebeshwa lawama ya mwalimu kuchekwa. Aliyoyataka yote yalikuja na ile karatasi yenye saini.

Na kuna kosa la nyuma zaidi, la idara. Notisi za mwalimu wa mwaka wa pili hazikupitiwa na mtu yeyote kabla ya kwenda kwa wanafunzi. Tungekuwa na saa moja kwa wiki ya kusomeana notisi, chai mezani na kamusi katikati, "ha" ingeishia hapo. Tulianza kufanya hivyo muhula uliofuata. Kikao cha kwanza notisi zilizosomwa zilikuwa zangu, na mwalimu kijana alinikuta na makosa mawili kwenye ukurasa wa pili. Alinionesha kwa kidole, bila kusema kitu, nami nikachukua kalamu.